Weda Inavuja? Tafuta Tundu Kabla ya Kutafuta Gundi

Mama mmoja mfugaji wa samaki kutoka upande wa Luanda, Vihiga, alishuka kwenye matatu hapa Kondele, Kisumu, akiwa na gunia begani. Ndani ya gunia mlikuwa na weda, ile nguo ya kuingilia majini. Mguu wa kulia ulikuwa na viraka vinne, vyote chini ya goti, viwili vikiwa vimepandana kama magamba.

"Fundi, hii kitu imenishinda," akasema. "Nimeziba, nimeziba tena, na bado nikitoka kwa bwawa namwaga maji kwa gambuti."

Niliuegemeza mguu ule kwenye shina la mwarobaini, nikaujaza maji mpaka kiunoni, tukaketi kungoja. Viraka vyake vyote vinne vilikaa vikavu. Tone la kwanza lilitokea kwenye msamba, pale mishono ya miguu miwili inapokutana. Likaning'inia, likaanguka. Baada ya dakika moja likaja jingine. Siku zote hizo maji yalikuwa yakiingilia juu, yanateremka ndani ya mguu bila yeye kuyahisi, yanakusanyika kwenye gambuti. Alikuwa akiziba anapolowa, na palipotoboka ni kwingine kabisa.

Weda nyingi zinazoletwa kwangu zina hadithi hiyohiyo. Gundi imenunuliwa kabla tundu halijaonekana, na mara nyingi hata gundi yenyewe si ya mpira ule. Kwa hiyo nitaanza na utafutaji. Kuziba nitakuja nako baadaye, na kusema kweli ndiyo kazi ndogo.

Kwanza, weda yako ni ya kitu gani?

Weda ni ile ovaroli ya kuingilia majini, yenye gambuti zilizounganishwa chini na mikanda ya mabegani juu. Huku kwetu ilienea na mabwawa ya samaki, hasa yale ya mita 300 za mraba yaliyochimbwa kwa mpango wa serikali ulioanza 2009. Leo utaiona pia kwa vijana wa vizimba vya samaki ziwani na kwa wanaotoa gugu maji karibu na Dunga.

Iliyo nyingi ni ya kitambaa cha nailoni au polista kilichopakwa PVC, yaani plastiki laini, kwa nje. Inang'aa kidogo, ndani unahisi kitambaa, na gambuti zake ni za PVC vilevile. Kuna za mpira halisi, nzito, zenye harufu ya tyubu ya baiskeli. Kuna za neopreni, nene kama milimita 3 hadi 5, laini kama sponji, ambazo kwa joto la Kisumu ni adhabu ya mtu aliyeiba kuku. Halafu kuna zile nyepesi zinazopumua, zenye utando mwembamba katikati ya vitambaa viwili. Hizo hutufikia kwa njia ya mitumba, mara nyingi bila gambuti, zikiwa na soksi za neopreni chini.

PVC na mpira hufanana machoni, na hapo ndipo watu huponzwa. Chukua sindano, ishike kwa koleo, ichome motoni, kisha gusa nayo ukingo wa pindo la juu mahali pasipoonekana. Ikizama kama kisu kwenye siagi na harufu ikawa kali ya kuchoma pua, hiyo ni PVC. Ikigoma kuyeyuka, ikaacha alama nyeusi na harufu ya tairi linaloungua, ni mpira. Fanyia jambo hili nje, uguse mara moja tu, na usiuvute ule moshi wa PVC.

Pili, je, kweli inavuja?

Swali hili huwaudhi watu. Lakini mtu akikaa saa mbili ndani ya PVC isiyopitisha hewa, huku akivuta wavu kwenye jua la saa sita, anatoka na miguu iliyolowa hata kama weda ni mpya kutoka dukani. Jasho linageuka mvuke, mvuke unagusa PVC iliyopozwa na maji ya nje, unarudi kuwa maji. Hakuna kiraka cha ugonjwa huo.

Jasho lina dalili zake. Miguu yote miwili hulowa sawasawa. Unyevu huwa mwingi mapajani na nyuma ya magoti. Soksi huwa na unyevunyevu, lakini ukiikamua haitoi maji, na ukiipindua gambuti hakuna kitu kinachomwagika. Uvujaji una upendeleo: huanza mguu mmoja, mahali pamoja, na maji yake hujaa kadiri unavyokaa bwawani. Ukiwa bado na shaka, ivae weda nchi kavu kwa muda uleule, ufanye kazi ya kukutoa jasho, kisha ulinganishe. (Nilimjua mzee aliyepima kwa kuonja, akisema jasho lina chumvi na maji ya ziwa hayana. Sikushauri kuyaonja maji ya ziwa.)

Kuna pia maji yanayoingilia mlango wa mbele. Ukiinama kushika kamba ya chini ya wavu, kifua cha weda hufunguka kama mfuko, na lita moja huingia kabla hujajua. Dalili yake ni fulana iliyolowa tumboni. Dawa ni mkanda wa kiunoni, nje ya weda, uliokazwa. Mkanda huo ni wa usalama pia: ukiteleza, unazuia maji yasishuke miguuni kwa kasi. Weda iliyojaa haikuvuti chini kama watu wanavyosema, kwa sababu maji yaliyo ndani hayana uzito zaidi kuliko yaliyo nje. Shida huja unapojaribu kupanda ukingo ukiwa umebeba kilo 30 za maji miguuni.

Ikiwa basi ni uvujaji wa kweli, usiuchukulie kama kero ya soksi tu. Kichocho kipo katika ukanda wetu wa ziwa. Viluwiluwi vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kupenya ngozi, na hutoka kwa wingi zaidi karibu na saa sita mchana, wakati uleule wa kuvuta wavu. Weda inayovuja inayashikilia maji hayo kwenye ngozi yako kwa saa nzima. Ukilowa, vua, jikaushe kwa taulo mara moja, na ukawaambie zahanati wakupime.

Kutafuta tundu

Osha weda kwanza, nje na ndani, kwa sabuni ya kipande, uikaushe. Ute wa samaki huziba tundu dogo kwa muda, ukaambiwa hakuna kitu, kisha ukirudi bwawani linafunguka.

Njia ninayoianzia ni tochi, kwa kuwa haina gharama. Subiri usiku au ingia kwenye chumba chenye giza, tia tochi ya simu ndani ya mguu, uizungushe polepole huku mwenzako akitazama kwa nje. Tundu la mwiba huonekana kama nyota. Njia hii ni nzuri kwa PVC nyembamba. Haifai kitu kwa neopreni, na haionyeshi mshono unaovuja, kwa sababu maji hupita kwenye mshono kwa njia ya kujipinda na mwanga haujipindi.

Ya pili ni maji, kama nilivyomfanyia yule mama. Jaza mguu mmoja kwa wakati mmoja. Mguu wa mtu mzima hula karibu jerikeni nzima ya lita 20, yaani kilo 20. Ukiitundika kwa mikanda ya mabegani utang'oa vifungo na pengine kuupanua mshono uliokuwa mzima. Iegemeze kwenye mti au ngazi, gambuti zikae juu ya matofali mawili yaliyoachana ili uone hadi chini ya soli. Futa nje ikauke kabisa, kisha ngoja dakika 20. Usisimame kwenye tone la kwanza unaloliona chini. Lifuate kwa kidole kwenda juu mpaka unapofika kukavu, na tundu litakuwa hapo mpakani. Ubaya wa njia hii ni kwamba kitambaa cha ndani hulowa, nawe utangoja siku mbili kikauke kabla ya kugusa gundi.

Ndiyo maana mimi nikiwa na haraka natumia upepo. Kunja kifua cha weda kuzunguka fimbo kama unavyokunja mkeka, banisha kwa vibanio vya nguo, uache nafasi ya mdomo wa draya ya nywele, upande wa upepo baridi. Weda itavimba kama mtu aliyekula harusini. Pitisha sponji yenye povu la sabuni kwenye mishono yote, kisha magoti, kisha kiungo cha gambuti. Pale penye tundu povu hutokota, viputo vidogo vinavyozaliana bila kukoma. Usiipeleke weda kwa mtu wa tairi aitie kompresa. Kompresa imetengenezwa kwa tairi, itafumua mishono yako kwa sekunde moja.

Kwa weda zinazopumua, igeuze ndani nje na unyunyizie spiriti safi ya kuulia vijidudu. Palipo na tundu hutokea doa jeusi la ghafla, dogo kama kichwa cha njiti, kabla ya sehemu nyingine kubadilika. Njia hii haina maana kwa PVC.

Kama zote zimeshindikana, bado kuna kupima kwa mwili. Vaa suruali ya khaki iliyokauka ndani ya weda, ingia majini hadi katikati ya shavu la mguu, kaa dakika kumi, toka, vua, tazama. Kavu? Rudi hadi gotini. Kisha paja. Kisha kiuno. Kiwango kinacholeta doa la kwanza ndicho kinachokupa jibu. Ni kazi ya kuchosha, na majirani watakucheka, lakini hugundua tundu linalofunguka tu unapotembea.

Kina kina maana yake. Maji ya mita moja husukuma kwa gramu 100 kwenye kila sentimita moja ya mraba. Tundu la kwenye kifundo cha mguu, ambalo halikutoa hata tone ulipoipima gambuti kwenye karai la maji, litapiga ndani kama sindano ukisimama bwawani kwenye kina cha mita moja.

Ukilipata tundu, lizungushie duara kwa kalamu ya wino. Usiweke wino juu ya tundu lenyewe. Kisha endelea kutafuta. Matundu hayapendi upweke.

Dalili na mahali pa kutazama

*Soksi imelowa, shavu la mguu ni kavu.* Hapo ni gambuti. Ikunje kwa mikono pale vidole vya mguu hupindia unapotembea. Ufa wa PVC iliyozeeka ni mstari mwembamba kama unywele ukiwa umelala, lakini ukiikunja gambuti ufa hufunguka kama mdomo wa ngege, yaani tilapia, anayetafuta hewa alfajiri. Karai peke yake haitauonyesha, kwa sababu kwenye karai hakuna mtu anayepiga hatua. Tazama pia msumari kwenye soli, na ule mstari wa kiungo ambapo gambuti hukutana na mguu wa weda. Kiungo hicho ni kigumu upande mmoja na laini upande wa pili, na mahali pa namna hiyo huchoka mapema.

*Paja au upande wa ndani wa goti.* Hapa mshtakiwa wa kwanza ni samaki mwenyewe. Ngege ana miiba kati ya 15 na 18 kwenye pezi la mgongo, na kambare, mumi kama tunavyomwita, ana mwiba wenye meno kwenye kila pezi la kifuani. Akishikwa huukaza mwiba ule ukasimama wima, wala haukunjiki kwa kuusukuma. Mvunaji anayembana samaki kati ya mapaja ili aachie mkono mmoja anajitoboa mwenyewe. Matundu ya ngege huja kwa mstari, mawili au matatu yaliyofuatana. Ukiona moja, tafuta nduguye ndani ya sentimita tano.

*Goti mbele.* Kupiga magoti kwenye mbao za kizimba au kwenye changarawe ya ukingo. PVC husagika mpaka uzi wa kitambaa unaonekana. Huku si kutoboka, ni kulika, na kiraka kidogo hakitoshi. Funika goti zima.

*Msamba.* Weda ni ndogo kwako. Naomba radhi kwa kusema hivyo, lakini ni kweli karibu kila mara. Unapoinua mguu kupanda ukingo wa bwawa, mishono minne huvutana pale kati. Utaziba leo na mwezi ujao itafumuka tena kama hukubadilisha saizi au hukulegeza mikanda ya mabegani. Yule mama alikuwa amekaza mikanda mpaka mwisho ili kifua kipande juu. Tulipoilegeza, nusu ya ugonjwa ilipona kabla ya gundi.

*Inakaa kavu nusu saa, kisha unyevu unaanza.* Tundu la sindano, au mshono unaonyonya. Uzi wa mshono hufanya kazi kama utambi wa taa: hunywa maji nje na kuyatema ndani, polepole, mbali na pale yalipoingilia. Pitisha povu kwenye mishono tena, bila haraka.

*Tundu lenye kingo zilizochanika, karibu na pindo au juu ya gambuti.* Panya. Weda iliyotundikwa stoo ikiwa na magamba na harufu ya samaki ni chakula cha jioni. Ziba, kisha ioshe.

*Chini ya goti, mchano mfupi ulionyooka.* Visiki vya mafunjo yaliyofyekwa. Mtu akikata mafunjo kwa panga la mshazari huacha vigingi vilivyochongoka chini ya maji. Seng'enge pia huchana hivyo, ila mchano wake huwa mrefu.

Gundi hufuata mpira

Sasa tuje kwenye pesa zinazopotea. Solushen ya mtu wa pancha, pamoja na kiraka chake chekundu, ni dawa kamili kwa weda ya mpira halisi. Piga msasa, paka, ngoja ikauke hadi isishike kidole, bandika, gonga. Imekwisha. Solushen hiyohiyo kwenye PVC itashika siku mbili tu, kisha itabanduka nzima kama ngozi ya nyoka, kwa sababu imetengenezwa ili kuungana na mpira, na PVC si mpira.

Gundi ya mafundi wa mabomba nayo inawadanganya watu kwa jina la PVC lililoandikwa kwenye kopo. Ni ya bomba gumu. Ikikauka huwa ngumu kama kucha, na weda inapokunjika inapasuka pembeni ya kiraka na kukuachia tundu jipya. Supagluu ina tabia hiyohiyo. Silikoni ya madirisha haishiki PVC sawasawa, na ubaya zaidi, mabaki yake huzuia gundi nyingine yoyote kushika. Ukishaipaka, umejifungia mlango.

Kwa PVC tafuta gundi ya vinaili wanayotumia mafundi wa turubai za lori, au ile gundi ya poliyurethani ya mafundi viatu wanayobandikia soli za PVC. Uliza kwa jina, kwa sababu fundi viatu huwa na aina mbili mezani. Ile ya njano ya kawaida ni ya jamii ya neopreni. Kwenye PVC laini huanza vizuri, kisha mafuta ya kulainishia yaliyomo kwenye PVC huilegeza pole pole. Lakini kwenye weda ya neopreni gundi hiyo ya njano iko nyumbani kabisa: paka kingo mbili za mchano, ngoja dakika kumi, paka tena, ngoja, zikutanishe kwa uangalifu, maana zikigusana hazirudi nyuma.

Weda inayopumua hutaka gundi ya maji mazito ya poliyurethani, tone la ukubwa wa sarafu ya shilingi moja, upande wa ndani, bila kiraka, ikae usiku mzima.

Kazi ya PVC, ambayo ndiyo ya wengi, inakwenda hivi. Sehemu iwe kavu ndani na nje. Futa kwa spiriti. Usitumie petroli wala mafuta ya taa, kwani huacha utelezi. Piga msasa mwepesi mpaka mng'ao uondoke, ufute tena. Kata kiraka kutoka kwenye weda kuukuu ya aina ileile, kiwe duara au yai, kizidi tundu kwa sentimita mbili au tatu kila upande. Kiraka chenye pembe huanza kubandukia pembeni, kila mara. Piga msasa kiraka nacho. Paka gundi nyembamba pande zote mbili. Gundi nene hubaki bichi katikati. Ngoja ikauke hadi uigusapo kwa nyuma ya kidole isivute uzi. Bandika kuanzia katikati kwenda nje ukifukuza hewa, viringisha chupa ya soda juu yake kwa nguvu, weka tofali juu ya ubao, uende zako. Saa 24. Hakuna njia ya mkato, hata kama bwawa linavunwa kesho.

Kiraka cha PVC hukaa nje. Sababu ni mbili: PVC yenyewe iko nje na ndani ni kitambaa, na ukiwa bwawani maji huisukuma weda kwa ndani, hivyo kiraka cha nje hukandamizwa mahali pake. Cha ndani husukumwa king'oke.

Kwenye msamba nilikata utepe wenye umbo la yai refu, nikaubandika huku weda imepanuliwa juu ya debe ili mshono usikunjike chini ya kiraka. Ukiubandika ikiwa imelegea, hatua ya kwanza bwawani itauvuta utepe wote.

Imezibwa na bado inavuja

Kabla ya kulaani gundi, rudia povu. Mara nyingi ni tundu la pili ambalo la kwanza lililificha. Kama ni kiraka chenyewe, kibandue utazame chini yake. Gundi ikiwa imebaki yote kwenye kiraka na weda iko safi, weda ilikuwa na mafuta au hukupiga msasa. Ikiwa gundi imegawanyika pande zote mbili na bado inanata, hukungoja muda wa kutosha, au uliipaka nene. Ikiwa imekauka ikavunjika kama ganda la yai, ni gundi ya mabomba. Kwangua yote, mpaka ufikie PVC safi, uanze upya. Kiraka juu ya kiraka ni viraka viwili vinavyovuja.

Na ukiwa tayari uko majini, wavu umeshatandazwa na wanunuzi wanangoja ukingoni? Toka, kausha sehemu kwa kitambaa, weka kipande cha karatasi ya nailoni juu ya tundu, uzungushe blada ya tyubu ya baiskeli kwa mkazo wa wastani. Itakufikisha jioni. Kwa tundu la msamba hakuna blada. Mpe mwenzako weda, wewe uhesabu samaki.

Wakati wa kuiacha

Weda ya PVC haifi kwa mwiba, hufa kwa jua. Ikining'inizwa juani kila siku, au kukunjwa chini ya mabati yanayowaka, ile mafuta ya kulainisha hutoroka na PVC hukauka. Ining'inize kivulini, miguu juu kichwa chini, gambuti zikiwa na magazeti ndani, usiikunje palepale kila siku. Wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei hata kivulini itachukua siku mbili kukauka, na ukiifungia mbichi kwenye gunia ukungu utakula kitambaa cha ndani.

Ili kujua kama bado ina uhai, ikunje nyuma ya goti kati ya vidole viwili na utazame kwa karibu. Ukiona nyufa nyingi ndogo zinazokatana kama tope la bwawa lililokauka, usinunue gundi. Kila kiraka utakachobandika kitashika kwenye ngozi inayopasuka pembeni yake. Kata gambuti juu ya kifundo uzivae shambani. Sehemu za kifua na mgongo, ambazo hazizami mara nyingi na bado ni laini, zioshe, zikunje, uziweke kwenye debe la viraka. Utepe niliouweka kwenye msamba wa yule mama ulitoka kifuani mwa weda ya mtu wa Usenge aliyekuwa ameshaitupa.